Dada, Gereji Yako Ilikuwa Baridi

Dada Siti,

Sasa hivi Nuru amebandua ganda la kochi, ganda refu jeusi, akalilowesha kwa mate na kujibandika kidevuni. Amenijia ametoa kifua mbele, mikono nyuma, anasema, "Mama, mimi babu. Lete chai." Nimecheka mpaka nimekaa chini. Halafu nikaliangalia lile kochi alilolibandua, kicheko kikageuka kilio, na mtoto akabaki ananishangaa na ndevu zake. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Ningekuwa na mtu mwingine wa kumwambia haya nisingeandika, lakini mtu wa kuambiwa ni wewe.

Nilizoea kukutumia sauti. Juzi juzi nilijisahau, Nuru alikuwa anaimba, nikabonyeza jina lako nikasema, "Dada, hebu msikilize huyu," nikatuma. Ikaenda. Ikaonyesha imesikilizwa. Nusura simu iniponyoke, Dada. Kuangalia picha, si wewe na ule mtandio wako wa maua. Ni kijana wa kizungu ameshika samaki. Namba yako wamempa mtu. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba mtoto anaimba vizuri ila yeye haelewi lugha. Mimi nikafuta jina. Kisha nikaliandika tena. Basi, naandika kwa mkono, mkono hauwezi kunitumia samaki.

Niko hapa Dubai, mtaa wa Al Warqa, stoo ya uani kwa Bi Zuwena, yule mama wa Kizanzibari ambaye wazee wake walihamia huku zamani, ninayemfulia na kumpigia pasi. Feni inazunguka lakini inasukuma joto tu, kulitoa hapa kwenda pale. Baba Nuru yuko nje na pikapu ya kuazima. Tunangoja wanunuzi. Wamesema asubuhi hii watakuja, na mimi nimepanga vitanda mstari mmoja, nimevifuta mpaka vinang'aa, na sasa sina la kufanya ila kuangalia geti na kukuandikia wewe.

Nikueleze kwa nini nangoja hivi, maana tangu uondoke mambo yamebadilika. Kazi ya Baba Nuru ipo bado, kule bandari ya Hamriya, anasimamia mizigo inayopakiwa. Lakini visa yangu na ya Nuru iko kwa jina lake, na kuifanya upya wanataka mkataba wa nyumba. Sisi hatuna nyumba, tuna pazia. Tunaishi sebuleni kwa watu, nyuma ya pazia na ubao, na mkataba una jina la mtu mwingine kabisa. Kabla ya mwisho wa mwaka tupate nyumba yenye jina letu, hata iwe chumba kimoja, au mimi na Nuru tutoke.

Madam wangu wa mtaa wa Mirdif, ninayemfanyia usafi, amesikia, akaniita jikoni. "Halima, njoo ukae kwangu, chumba kipo, visa nafanya mimi. Lakini mtoto, no." Aliisema ile no kwa upole, kama mtu anayekataa sukari kwenye chai. Si mbaya yule mama. Ameona ananisaidia. Na Mama yetu kule Msambweni naye akapiga simu kufurahi: "Mlete mjukuu wangu, huku maziwa yapo, uwanja upo, wewe tafuta." Kila mtu ameshamgawa mtoto wangu, bado mimi tu kukubali.

Na mimi, Dada, najua mtoto akilelewa kwa simu anakuwaje, kwa sababu wewe ulinilea kwa simu. Ulipoondoka nilikuwa sijui kujisuka. Ulinifundisha hedhi kwa simu, ulinigombeza kwa simu nilipoacha shule, uliniozesha kwa simu, ukapiga vigelegele kutoka upande wa pili wa dunia mpaka spika ikakwaruza. Nilikupenda. Lakini harufu yako nilikuwa siijui tena. Siku mwenzako wa biashara, Njoki, aliponitumia ule mtandio wako nilinusa, nikanusa, haikunijia. Nuru asinuse kitambaa akanikosa.

Ndiyo nikaingia kwenye biashara yako, nipate kodi ya nyumba.

Ule mji wako sijawahi kuufikia, lakini nikifumba macho naweza kukupeleka sokoni. Chuo cha mawe juu ya kilima, hospitali kubwa ubavuni mwake, mto chini. Kiwanda cha matairi kilifungwa kabla hujafika na mabanda yake yakagawanywa vyumba vya wanafunzi. Wewe asubuhi unafagia mabweni, jioni uko na mambo yako. Nilikuuliza, watu wa huko Kanada wanaishi kwa nini ikiwa kiwanda kimefungwa? Ukacheka ule mcheko wako wa puani. "Wengine wanalima mahindi, Halima, sisi huku tunalima wanafunzi. Tunapanda Septemba, Aprili tunavuna."

"Mnavuna nini?"

"Makochi."

Nikadhani unanitania. Kumbe kweli. Mwisho wa Aprili mikataba ya vyumba inaisha pamoja, mji mzima, na watoto wanarudi makwao hawawezi kubeba kitu. Wanatoa nje. Makochi, meza za kusomea, taa, vioo, sufuria ya umeme na wali wenyewe bado umo ndani. Wanaviacha kwenye majani mbele ya nyumba, atakaye achukue, ndiyo desturi yao. Na wewe na Njoki mnazunguka na gari bovu la mtu wa kanisani kwake. Njoki ananusa mito, wewe unamulika mishono kwa tochi kutafuta kunguni. "Njoki ndiye pua, mimi ndiye macho," ulikuwa unasema, na yeye nyuma yako anapaza sauti, "Na mgongo ni wa nani? Nani anayebeba hapa?" Mnaosha, mnafunga nailoni, mnaweka gereji. Septemba watoto wapya wanashuka na mabegi, wa India, wa Nigeria, wa kwetu, chumba kitupu, siku ya kwanza wanalala sakafuni. Siku ya pili wanakutafuta wewe.

Ulinieleza mpaka nikauelewa mji kuliko ninavyoielewa Dubai. Kwamba mwenye nyumba amekata nyumba ya familia moja hadi sebuleni kuna kitanda. Kwamba duka la kahawa linawauzia watoto kahawa asubuhi na jioni linawaajiri kuipika. Kwamba mtoto wa nje analipa ada mara kadhaa ya mwenyeji, na kwa ada hiyo mwalimu anapata mshahara, mwalimu anakwenda kwa kinyozi, kinyozi anakuja kwako kununua kiti. Nikauliza, na wenyeji wanasemaje? "Wananuna. Wanasema kodi imepanda kwa sababu ya hawa. Lakini Septemba watoto wakichelewa, hao hao wananuna zaidi."

Halafu nikasikia kwenye habari kwamba serikali ya huko imepunguza wanafunzi wa kutoka nje. Nikakuuliza. Ukaniambia, "Soko zuri, Halima. Usijali." Mwaka uliofuata nikakuuliza tena. "Soko zuri." Ulikuwa unakohoa. "Na hicho kifua?" "Homa ndogo."

Hapo ndipo nina hasira na wewe, Dada. Nimekaa nayo tangu Februari, wacha niitoe. Soko halikuwa zuri na homa haikuwa ndogo. Ulinifundisha kunusa mto wa mtu nisiyemjua, kwa nini hukuniambia unaumwa? Ningefanya nini, utasema. Hakuna. Ningejua tu. Mimi ni mdogo wako, si mteja wako.

Walikuzika ardhi imekuwa jiwe kwa barafu, wakachimba kwa mashine. Nilikuona kwenye simu ya Njoki. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kwa baridi, kwa hiyo mimi niliona mawingu zaidi kuliko kaburi. Alikuja amejifunga mtandio kichwani vizuri, Mkikuyu wa watu, akasimama nyuma na wanawake, akaitikia amin kila walipoitikia. Baadaye ndipo akaniambia. Septemba mbili mfululizo watoto walikuja wachache, na gereji yako imejaa hadi mlangoni. Ulikuwa unapita kwa ubavu.

Aprili ikafika, mwenye gereji akataka itolewe. Njoki hana pa kuvipeleka. Basi siku ile ile ambayo mlikuwa mkivuna, akavitoa vyako, kimoja kimoja, akaviweka kwenye majani. Akanionyesha. Dada, mtaa ulikuwa mtupu. Kwa kuwa walioingia walikuwa wachache, na wa kutoka pia wachache. Vibao vya kupangisha mlango kwa mlango. Yule mwenye nyumba aliyekuwa akichagua wapangaji kama anachagua nyanya, sasa anawapigia simu mwenyewe. Chuo kimefunga masomo mengine na waalimu wameachishwa. Duka la unga na bamia limefungwa, Njoki anapanda basi kwenda mbali kutafuta unga wa sima. Na mbele ya gereji yako makochi yametazamana, kama wageni wamesimama kidogo na watarudi.

Lakini alikuja mtu. Yule nesi wa jirani, mwenye watoto watatu, aliyekuwa amebanana nao chumba cha chini ya ardhi miaka yote kwa kuwa nyumba zilikuwa za wanafunzi. Kodi imeshuka, amepata nyumba nzima na kibustani. Akachukua meza yako ya duara na viti. Akamwambia Njoki, "Kila mwaka nilikuwa naviona vinaingia humo. Nilidhani mnawauzia wanafunzi tu."

Hilo neno nililisikia, sikulishika. Nikasema tatizo ni mji ule, si kazi. Huku Dubai watu hawaishi kuja. Juni shule zikifungwa, waalimu na wazungu wa maofisini wanahama, wanatoa vitu nje vilevile, na Agosti wengine wanafika. Nikaona ni mji wako ule ule, umebadilishwa nguo tu. Bi Zuwena akanipa stoo hii ya mabati. Mimi na Baba Nuru tukakusanya Mirdif yote, nyumba kwa nyumba, madereva na walinzi wananipigia, "Halima, kuna kabati linatoka, yalla, fanya haraka." Nikanusa, nikamulika. Nikafunga kwa nailoni tabaka juu ya tabaka kama ulivyonifundisha. "Funga kabisa, hewa isipite, usifungue mpaka wafike." Sikufungua. Nilikuwa nikipita hapa na nguo za pasi naugusa mlango tu, kama mtu anayegusa mimba.

Juzi waalimu wakaanza kufika. Nikafungua.

Dada, joto lililotoka humu lilikuwa la tanuri. Nailoni imeshikana na vanishi kama utando wa maziwa. Nikashika mlango wa kabati, ukabaki mkononi. Gundi yote imeyeyuka, mbao zimeachana kama watu waliogombana. Sponji ukiiminya inamwagika kama unga wa muhogo. Na makochi ya ngozi ya bandia, yale mazuri niliyoyaringia, yamejibandua ngozi na sasa ni ndevu za Nuru. Bi Zuwena akaja kusimama mlangoni, akachungulia, akanitazama. "Mwanangu Halima, hivi wewe ulikuwa ukiyahifadhi makochi haya au ukiyaoka?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilikaa juu ya mbao nikakutukana wewe, Mungu anisamehe. Gereji yako ilikuwa ya mawe, Dada, chini ya miti, Njoki anasema hata Julai ukiingia unatafuta sweta. Ungenambia! Wewe vitu vyako vizima, watu hawakuja. Mimi watu wamekuja, vitu vimeiva. Lakini ungejuaje? Dubai uliiona kwenye picha zangu, na picha haina joto. Na mimi nikafuata neno lako kama msahafu, miaka yote ninaishi kwenye joto hili, ninajua kwamba hata sabuni ya kipande huku inalainika dirishani, na sikujiuliza. Kwa sababu umesema wewe, Dada.

Jioni yake madam akaniuliza kama nimeamua. Nikamwambia inshallah. Huku ukisema inshallah kwa sauti ya chini hivyo, mtu anajua unakaribia kukubali. Akanionyesha chumba. Kisafi, kina dirisha. Kitanda cha mtu mmoja.

Niliporudi kufagia uharibifu, Bi Zuwena alikuwa amekaa kwenye kiti chake hapa na kahawa yake. Akaninyooshea kidole. "Na vile vya chuma vimekufanyia nini?"

"Havijafanya kitu."

"Basi?"

"Si vya waalimu, Bi. Waalimu hawataki vitanda vya chuma."

"We, kwani waalimu peke yao ndio wanaolala mji huu?"

Ndipo neno la yule nesi likanirudia. Nilidhani mnawauzia wanafunzi tu. Dada, tulikuwa tunawaangalia wanaoshuka na mabegi, mimi na wewe, na aliyekuwa hapo siku zote anapita mbele ya mlango hakuna anayemwita. Nilianza kuwafikiria walinzi, wafagiaji, wasichana wa mahoteli, wenzetu hawa wa Kitale na Kisii na Kampala, wanahama vyumba mwaka mzima na si Agosti tu, wanalala wanne wanne na kitanda ndicho nyumba yao. Sisi wenyewe! Mimi na Baba Nuru tunalala kwenye godoro sakafuni na stoo nimejaza makochi ya kuwangojea waalimu.

Nikaweka sauti kwenye kundi letu la akina mama Wakenya. Akajibu mmoja anaitwa Chebet, msimamizi wa wasafishaji hotelini. Yeye na wenzake wametolewa kwenye nyumba ya kampuni, wamepata fleti, haina hata msumari. "Vitanda unavyo ama unatubeba ujinga?" Ninavyo, nikamwambia. "Vya kukunja ama vya ukweli?" Vya ukweli, dada yangu. Baba Nuru amevikaza vyote skrubu. Mbao nzima za yale makabati yaliyoachana amezikata rafu za kuwekea viatu na sufuria, na amezipigilia misumari, gundi hapana. Hizo rafu hazikuwa hata kwenye mpango, na Bi Zuwena ameshachukua moja bila kuuliza bei. Chebet amesema rafiki zake wa jengo la pili nao wanataka. Wakichukua leo, pazia tunaliacha. Baba Nuru ameshaona chumba, mlango wake na jikoni yake, mwenye nyumba anatungoja mpaka kesho.

Wasipochukua, nimeshaamua pia, na hili hata Baba Nuru nimemwambia jana, akasema khalas, sawa. Nikitoka, natoka na Nuru. Nitauza vitanda Ukunda, nitauza maandazi, nitafagia. Madam nimempigia asubuhi hii kabla sijaja, nikamwambia asante, chumba chako kizuri, lakini kitanda ni cha mtu mmoja na sisi tuko wawili. Akasema, "Ok Halima, Alhamisi njoo kama kawaida." Kwa hiyo mlango huo nimeufunga kwa mkono wangu.

Ile hasira bado sijaimaliza. Lile "soko zuri" lako nitalisamehe, lakini nipe muda, usinisukume. Yale mengine nimeshayasamehe. Ulikuwa hutaki nikate tamaa, najua. Mimi pia jana Mama aliponiuliza biashara inaendaje, nilifungua mdomo na neno lililokuwa linakuja ni hilo hilo lako. Nikalimeza. Nikamwambia, Mama, makochi yameungua. Akapiga kelele, akacheka, akaniuliza nimekula nini. Tukaongea mpaka chaji ikaisha.

Pumzika sasa, Dada. Huko walikokupa nafasi kuwe na joto la kiasi, si kama hili langu wala si baridi yako ile. Mtandio nimeuosha, naujifunga Ijumaa, sasa unanuka mimi. Ahadi yangu ni hii, ushike: Nuru atalijua jasho langu. Na nikiumwa atajua naumwa, nikikosa atajua nimekosa, na kila Aprili ikiisha nitamweleza kwamba alikuwa na mama mkubwa ambaye

Geti limelia. "Halima! We Halima! Yalla, wageni wako!" Huyo ni Bi Zuwena. Wamekuja wengi, Dada, wengi kuliko alivyosema Chebet. Nuru ameshakimbia kuwapokea na ndevu zake, anawaagiza chai. Nakuja, Bi! Ngoja tu nikwambie hili la mwisho, huyu wa mbele hajasalimia hata, amepiga goti kwenye kitanda cha kwanza, amewasha tochi ya simu anamulika kwenye viungo kutafuta kunguni, Dada, kichwa ameinamisha upande, vile vile kama wewe ulivyokuwa uki